Nilimpima Ng'ombe wa Mahari kwa Bei ya Simu

Nimekosa jamani, na kosa lenyewe nililifanya nikiwa nimevaa suti na nimeshika maikrofoni. Msinitetee. Nisikilizeni tu, halafu mnitukane mkipenda.

Mimi ni mtu wa ofisini, huku Kimihurura, Rwanda, nimekulia Tanzania. Ugonjwa wangu ni bei za kubadilisha fedha. Wengine wanaangalia mpira, mimi naangalia faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi: leo zikoje, mwaka jana zilikuwaje, siku ya harusi yangu zilikuwaje. Kuna tovuti inaziweka zote, siku kwa siku, pamoja na mstari unaopanda na kushuka. Mke wangu aliwahi kuniuliza siku yake ya kuzaliwa, sikuikumbuka, kumbe ni siku ile ile. Lakini bei ya siku hiyo hiyo nilikuwa nimeitaja asubuhi!

Kazini wananiita Gavana, kama yule wa benki kuu. Nilidhani ni sifa.

Sasa, kaka yangu alifariki akaacha binti mmoja, nimwite Aline. Alipopata mchumba, mimi baba yake mdogo ndiye niliyesimama mahali pa baba. Baba wa kijana ni Mrundi, mzee mpole anayeuza nguo Gitega, mtaa wa hapa hapa mjini kwetu, si ile ya Burundi. Tulipokaa kupatana mahari, alitaja bei ya ng'ombe kwa faranga za kwao, maana angeuza shamba lake la michikichi lililobaki Burundi. Nikaishika simu chini ya meza, nikapiga hesabu. Lo! Ng'ombe mnene huyo! Nilikubali chai ikiwa bado ya moto, kisha nikautangazia ukoo mzima kwamba nimewapatia ng'ombe ambaye hajawahi kuingia kwetu.

Siku ya gusaba ikafika, ndiyo siku ya kuposa rasmi. Kwetu wasemaji wa pande mbili hutaniana mbele ya wageni. Huyu anajifanya hana binti, yule anajifanya amepotea njia, watu wanacheka, mwishoni ng'ombe anatajwa na binti anatolewa ndani. Msemaji wetu nilikuwa mimi. Nilipopokea bahasha nikachungulia. Zilikuwa faranga za Rwanda, na hazikufika hata nusu ya yule ng'ombe wangu wa kwenye simu!

Mke wangu akachungulia naye. "Iko sawa," akaninong'oneza. "Ni bei ya ng'ombe wa kawaida. Endelea."

Nikaendelea, ndiyo. "Wageni wetu," nikasema, "tuliahidiwa ng'ombe. Humu naona miguu ya nyuma tu."

Watu wakacheka, wakapiga makofi! Walidhani ni utani wa siku. Makofi yale ndiyo yaliyonimaliza. Nikafungua tovuti yangu, nikatafuta siku tuliyopatana, nikaipitisha simu kwenye viti vyao wauone mstari wenyewe. Bibi mmoja akauliza hivyo ni vipimo vya moyo vya nani.

"Sitanii," nikasema. "Kati ya Burundi na hapa kuna mtu amekula ng'ombe."

Hapo kicheko kikakatika. Mzee wa Gitega akasimama, kofia mkononi.

"Muheshimiwa, hiyo bei ya banki iko ya kusoma tu. Unaenda pale kwa dirisha na faranga zako, unaomba za huku, wanakwambia haiko, rudi kesho. Mimi nimebadilisha kwa watu wa barabarani, kama sisi wote. Shamba yangu yote iko humo ndani ya bahasha. Hakuna kitu imebaki."

Mana yanjye, Mungu wangu! Miaka yote nasoma zile bei, na sikuwahi kwenda kubadilisha noti! Kumbe kuna bei iliyoandikwa vizuri ambayo pesa yake huipati, na kuna bei isiyoandikwa popote ambayo ndiyo watu wanaishi nayo. Chini ya lile hema kila mtu alijua, hadi wapishi. Asiyejua alikuwa Gavana.

Na je, nilinyamaza? Nilisema, "Basi angalau tugawane tofauti." Mungu anisamehe.

Wazee wao wakaanza kuinuka. Mjomba wake Aline akaninyang'anya maikrofoni, akawaomba radhi mpaka sauti ikamkauka, ndipo wakakaa. Aline akatolewa. Mke wangu ananiambia vipodozi vilikuwa vimechuruzika hadi kidevuni. Mimi nilikuwa huko viti vya nyuma natafuta simu yangu. Kanisani, aliyemshika mkono alikuwa mjomba.

Kwa miezi nilijitetea. Kila aliyenisikiliza nilimwambia kosa ni la tovuti. Niliwaandikia hata wenye tovuti! Hawakujibu, na nawashukuru.

Majuzi nikamkuta Aline kwenye njia panda ya Sonatubes, anasubiri pikipiki, ni mjamzito. Nikaanza kumweleza habari za bei mbili, maana siku hizi mimi ni mtaalamu wa zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, ana adabu yule mtoto. Kisha akasema:

"Baba mdogo, siku ile nilikuwa ndani nyuma ya pazia, nasubiri kuitwa. Nilisikia yote. Yule muzee aliuza shamba yake, hakuuliza mimi niko wa bei gani. Wewe ndiye uliuliza. Na kwa upande wa papa nilikuwa nimebaki na wewe tu."

Akavaa kofia ya pikipiki akaondoka. Nililia palepale njia panda, na wenye pikipiki wakanipigia honi wakidhani natafuta usafiri.

Nimesikia mtoto akizaliwa, jina atatoa mzee wa Gitega. Mimi sijaalikwa, na sina cha kudai.

Nawe unayesoma, ukipewa heshima ya kusimama mahali pa marehemu ndugu yako, zima simu umtazame mtoto wake. Mimi bei ya siku ile naikumbuka mpaka leo, na tarakimu zake zote baada ya nukta. Uso wa binti wa kaka yangu akitolewa kuolewa, sikuuona.