Kitabu cha Roketi Kinachonukia Liwa

Ninacho kitabu kimoja ambacho nikikifungua, hata leo, sebule nzima hunukia bi harusi. Ni kitabu kinene cha Kiingereza kuhusu uhandisi wa injini za roketi, na kurasa zake nyingi zina alama za vidole vya rangi ya manjano. Wageni wangu hudhani ni mchuzi. Wananijua nilivyo mlafi, nami nawaacha wadhani hivyo. Ukweli ni kwamba ile ni liwa, unga wa msandali, iliyochanganywa na manjano, na vidole ni vya dada yangu, Zubeda.

Kitabu kiliachwa na mwalimu aliyepanga chumba cha uani kwetu Ujiji. Alipohamishwa aliona ni kizito mno kukibeba. Mama akakipa kazi ya maana: kukandamiza mfuniko wa sufuria ya wali. Zubeda ndiye aliyekitoa juu ya sufuria. Alikuwa amemaliza darasa la saba na kuchaguliwa kwenda sekondari; jina lake lilibandikwa ukutani shuleni, tukaenda kulitazama kama watu wanaotazama meli ikitia nanga. Lakini kabla shule haijafunguliwa, mwenye duka mmoja wa Kidahwe akaleta posa, na Baba akaona duka ni kitu cha uhakika kuliko aljebra. Zubeda akawekwa ndani kama mwali yeyote wa mtaani kwetu: haonekani na watu, hapigwi na jua, anasingwa liwa asubuhi na jioni mpaka ang'ae.

Mimi nilikuwa mdogo wake, mdogo kiasi cha kuruhusiwa kuingia na kutoka. Nikawa miguu yake.

Yeye alishika kitabu, mimi kamusi. Hesabu zake nyingi hatukuzielewa, na mimi niliyefika chuo kikuu naweza kuwaambieni kwamba bado sizielewi. Lakini Zubeda alikuwa na njia yake. Kila mchoro aliuliza unafanana na nini hapa nyumbani. Alipofika kwenye mchoro wa tangi, bomba na mdomo mwembamba, alicheka mpaka liwa ikapasuka mashavuni.

"Si karabai hii! Sasa Wazungu walikuwa wanatuficha nini?"

Baba alikuwa na mtumbwi wa dagaa kule Katonga ziwani, na karabai zake za kuvulia usiku zilisafishwa uani kwetu kila alasiri. Tulizijua: mafuta chini, upepo juu, unapiga pampu, upepo unayasukuma mafuta yatoke kwa nguvu kwenye tundu dogo. Roketi, alisema Zubeda, ni karabai iliyochoka kukaa.

Mpango wake ulikuwa mmoja tu. Tutengeneze roketi ya maji, iruke mbele ya Baba. "Akiuliza ni ya nani, mwambie ni yangu. Baba si mbaya. Hajaona tu." Sekondari ilikuwa ifunguliwe kabla ya siku ya harusi. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu hiyo: Baba akibadili nia, angewahi darasa.

Alichora, nikatengeneza: chupa ya plastiki, pampu ya baiskeli, kizibo nilichochonga kwenye kandambili iliyokwisha, na mapezi ya boksi la sabuni. Kizibo nikakipaka mawese ili kichomoke vizuri. Kwetu kumpa mtu chombo kisichojaa ni uchoyo, kwa hiyo chupa nikaijaza maji pomoni. Nikapiga pampu. Kizibo kikatoka, chupa ikanikojolea miguuni na kulala chali.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia la dirisha: "We Athumani, umejaza mpaka wapi?"

"Pomoni."

"Karabai unaijaza pomoni wewe? Upepo utalala kwa jirani?"

Nikamwaga maji, nikabakiza kidogo. Baba alikuwa barazani na rafiki zake, wametoka kusali alasiri, wanakunywa kahawa. Nikapiga pampu mpaka chupa ikawa ngumu kama jiwe. Kukatoka mlio sijawahi kuusikia tena, nikalowa mwili mzima, na chupa ikapita juu ya bati na kwenda kuangukia kahawa ya wazee.

Baba aliingia uani ameshika chupa. "Nani?"

"Dada Zubeda," nikasema kwa fahari. "Kaisoma kitabuni."

Barazani mtu akapasua kicheko: "Mzee, mwali wako anataka kuolewa mwezini!"

Baba hakucheka. "Kumbe ndiyo kazi mnayofanya humo ndani. Lete hicho kitabu kikawashie jiko. Na wewe, shule basi. Kesho twende Katonga ukaanike dagaa."

Pazia halikutikisika. "Baba, anatania huyo," Zubeda akasema, kwa sauti ya mwali. "Ni yake mwenyewe. Mimi nimesikia kelele tu, nikashtuka."

"Na kitabu?"

"Nakilalia tu, Baba. Mto umekuwa laini mno."

Baba akanigeukia na uso mwingine kabisa. Akaniwekea mkono kichwani. "Kumbe tuna injinia," akawatangazia wa barazani.

Nilimnunia Zubeda mpaka harusi ikapita. Niliona ameogopa, ameniacha peke yangu na uongo. Siku anaondoka alinipa kitabu. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba katika pumzi ile moja alikuwa amekwisha kuona mlango unapitisha mtu mmoja tu, na mtu huyo si yeye. Kwa sifa za roketi ile Baba alinisomesha mpaka chuo kikuu, kwenye uhandisi, ambako mimi na mashine tulipeana talaka mwaka wa pili. Nikahamia fasihi. Sasa ninaandika insha kama hizi.

Juzi nilimtembelea dukani Kidahwe. Anauza misumari, bomba na pampu za baiskeli. Hatujawahi kuizungumzia siku ile. Alikuwa akimpimia mteja waya, akauliza bila kuinua macho:

"Ile ya pili. Ilikwenda moja kwa moja, au ilipinda?"

"Ilipinda. Upande wa ziwani, halafu ikarudi barazani."

"Nilijua," akasema. "Sauti ilihama. Ni mapezi yale." Akakata waya. "Ningeyaona, ningekwambia."