Jinsi Neema Alivyofika Tromsø

Enzi zetu mtu uliweza kuujua mji mmoja wa Ulaya kichochoro kwa kichochoro, na hata Arusha hujawahi kufika. Usicheke. Wenzangu mliokulia kwenye misheni mnanielewa. Mimi na mdogo wangu Neema tulikuwa wenyeji wa Tromsø, mji wa kaskazini kabisa mwa Norwei, wakati bado tunakwenda shule peku.

Nimeyakumbuka haya juzi, hapa hapa Guangzhou. Mimi na Neema tunafanya biashara ya nguo, na tukija China kufunga mzigo tunakuja wote. Safari hii tumekuja na binti yake, Happy, amemaliza shule, mama yake kasema aje aone mambo yanavyokwenda. Tulikuwa tumeshinda Xintang kwenye viwanda vya jinzi, tunabishana na laoban mmoja, mwenye kiwanda, ambaye kila ukimwuliza bluu iliyokolea anakujibu meiyou, hakuna, na huku furushi la bluu iliyokolea ndilo amelikalia. Tukarudi mjini hoi, tukaingia kwa yule mama wa Kikongo anayepika ugali. Sisi tunanawa mikono, Happy yuko kwenye simu. Akasema, "Mama, ona, sehemu kumi za kutembelea Tromsø," na kabla hatujainua macho kidole chake kimeshapita, sasa anaangalia paka anayecheza muziki.

"Rudisha!" Tulipiga kelele wote wawili, mpaka mama wa Kikongo akatoka jikoni kuangalia nani kaungua. Happy akarudisha. Likatokea daraja refu lililopinda mgongo juu ya maji, na Neema akasema, "Sasa hivi utaona kanisa, liko upande wa kushoto ukishavuka." Kanisa likatokea. Nikasema, "Baada ya hapo kile kibanda cha kamba kinachopanda mlimani." Kikatokea. Happy akatuangalia kama tumetoka kwa mganga. "Mmefika lini huko?" Tukaangua kicheko, na ugali ukapoa.

Nitawasimulia na ninyi, maana hawa watoto wa siku hizi wameona miji yote ya dunia na hakuna hata mmoja wanaoukumbuka kesho yake.

Kwetu ni milimani, upande wa Mbulu. Baridi ya asubuhi kule ilikuwa inauma masikio, na sisi tulikuwa tunasimama pale ng'ombe alipolala ili miguu ipate joto. Uji wa ulezi ulikuwa unapikwa kwenye sufuria moja, na Mama alikuwa na sheria: anayeongea amemaliza. "Mdomo ni mmoja," alikuwa anasema, "uchague kazi yake." Tulicheza rede kwa mpira wa soksi, tulicheza kombolela mpaka tukaitwa kwa majina ya ukoo mzima. Mtoto alikuwa anarudi nyumbani na vumbi mpaka kwenye nyusi, na hakuna mama aliyeuliza kama amechoka kukaa ndani.

Hospitali ya misheni alikuwepo nesi wa Kinorwei, Sista Marit. Mrefu, mwembamba, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mwalimu wetu wa darasa la tatu, na akicheka anajishika kiuno. Jumamosi jioni aliwasha jenereta, akatundika shuka jeupe kwenye ukuta wa nje wa wodi, na mashine yake ya picha ikaanza kunguruma. Wagonjwa wanaoweza kutembea walitoka na blanketi zao. Watoto tulikaa chini mbele kabisa, tunasukumana, tunanuka moshi na mafuta ya ng'ombe.

Sasa sikilizeni kosa lilipoanzia. Sista alikuwa na sanduku moja tu la picha. Humo zilikuwemo picha za shule ya Jumapili, Bethlehemu na Yerusalemu na punda, na humo humo zilikuwemo picha za kwao Tromsø. Zilikuwa zinafuatana. Punda akimaliza kupita, linaingia daraja refu. Halafu kanisa jeupe, mithili ya karatasi zilizokunjwa katikati zikapangwa moja nyuma ya nyingine. Halafu kibanda kinachopanda mlima kwa kamba, watu wamo ndani wanapunga mikono. Halafu nyumba ya makumbusho pale bandarini, yenye dubu mweupe amesimama kwa miguu miwili. Na mwisho kabisa, jua. Sista alikuwa anasema, "Hii nilipiga saa sita ya usiku. Kwetu wakati huo wa mwaka hakuna usiku." Wodi nzima ilikuwa inaguna kwa mshangao.

Na sisi Jumapili tuko kanisani. Kila akizikwa mtu, mchungaji alisema marehemu amekwenda kwenye mji mzuri, mji usio na usiku. Haya, wewe mtoto wa miaka saba umeonyeshwa mji usio na usiku, tena baada ya Yerusalemu, kwenye sanduku moja. Utafikiri nini? Hatukuulizana. Tulijua tu, kama tulivyojua kwamba maziwa yanatoka kwa ng'ombe. Tromsø ni mbinguni, na Sista Marit ni mtu wa huko aliyekuja kututembelea. Ndiyo maana alikuwa mweupe vile.

Lakini kujua hivyo hakukutuzuia kucheza. Mchezo wetu mkubwa ulikuwa kutembeza wageni Tromsø. Gogo la kuvukia mfereji ni daraja. Banda la kuku la mchungaji, lililopakwa chokaa, ni kanisa. Kichuguu ni mlima, na kupanda kwake lazima ushike kamba ya mbuzi. Kila mara kiongozi wa wageni alikuwa Neema, mdogo kuliko wote na mwenye sauti kuliko wote. "Mgeni, usiguse dubu! Mgeni, funga mdomo, mbele kuna baridi!" Alitutembeza mpaka tukachoka sisi wenye miguu mirefu.

Halafu Neema akaanguka kutoka kwenye mpera. Mfupa wa paja ukavunjika. Siku zile hakukuwa na vyuma vya kuunganishia, mguu ulifungwa kamba, ukavutwa kwa mifuko ya mchanga inayoning'inia mwisho wa kitanda, na mtoto akalala chali hivyo hivyo wiki baada ya wiki. Nilikuwa nampelekea uji kabla ya shule na maziwa mgando baada ya shule. Alikonda, macho yakawa makubwa, lakini sauti alikuwa nayo. Kitanda cha pili alikuwepo Bibi Maria, kikongwe mwenye kifua kibovu, na Neema akiwa amelala chali alikuwa anamtembeza Bibi wa watu Tromsø kwa maneno matupu. Bibi anaitikia, "Ehee, mjukuu wangu, nimeshaliona daraja."

Mchanga ulipoondolewa, mfupa ulikuwa umeshika. Ila daktari alimwambia Mama wazi: mtoto huyu aukanyage mguu, aukanyage kila siku, asipoukanyaga utakauka, na ukishakauka basi. Mama alirudi nyumbani siku hiyo hakula.

Sista Marit, kwa kumjua Neema wake, akatengeneza njia. Meza ndefu ya katikati ya wodi, ya kushikilia ukipita kando yake, akaiita daraja. Kabati jeupe la dawa likawa kanisa. Kwenye mlango akachora dubu. Na mteremko wa kupandishia vitanda vya magurudumu hadi barazani ukawa mlima, amefunga kamba ya kushikilia, na juu kabisa ametundika chungwa, ndilo jua. Wodi yote ilifurahi. Sista akampa mkono, akasema, "Twende Tromsø, Neema."

Neema akapiga ukelele ambao nausikia mpaka leo. "Siendi! Siendi Tromsø!" Akashika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

Kesho yake vile vile. Keshokutwa vile vile. Sista akadhani ni maumivu, akampa dawa. Mama akadhani ni ukaidi, akaja na fimbo ya kumtishia. "Mguu hauuzwi dukani, wewe mtoto! Unataka ukubwani ubebwe mgongoni na nani?" Neema analia tu, hatoi hata goti nje ya blanketi. Siku zikawa zinakwenda na lile paja likawa linazidi kusinyaa, mimi nikimwosha naliona. Niliogopa sana. Nilikuwa mdogo lakini mguu uliokauka nilikuwa nimeshauona kwa jirani yetu.

Asubuhi moja nampa uji, akanishika shingo akaninong'oneza. "Dada, Bibi Maria ameshafika?"

"Amefika wapi?"

"Si alipelekwa Tromsø."

Bibi Maria alikuwa amefariki wiki iliyotangulia. Mchungaji alikuja pale pale kitandani, akaomba, akasema mama yetu amekwenda mji usio na usiku. Neema alikuwa macho, anasikia kila neno. Na siku chache baadaye Sista Marit anakuja kumshika mkono yeye: haya, zamu yako, twende.

Mngekuwa ninyi mngecheka. Mimi sikucheka, kwa sababu na mimi niliamini. Bakuli la uji liliniponyoka. Nilitoka mbio mpaka shambani kwa Mama, nikamwambia, "Mama, wanataka kumuua Neema, usiwaruhusu!" Ilimchukua muda kunielewa. Aliponielewa alicheka, halafu akakaa chini kwenye mahindi akajifunika uso kwa kanga, akalia.

Akaenda kumwambia Sista. Sista Marit hakucheka kabisa. Alikwenda nyumbani kwake, akarudi na picha nyingine, za karatasi, ambazo hakuwahi kumwonyesha mtu. Akakaa kitandani kwa Neema, akamwonyesha mama mmoja amenuna, yuko bandarini anapasua samaki. "Huyu mama yangu. Ana hasira kila siku." Akamwonyesha samaki waliokaushwa kwenye miti, wananuka mtaa mzima. Akamwambia kuna miezi jua halitoki kabisa, saa sita ya mchana mnawasha taa, watu wananuniana kwa giza. Halafu akatoa picha moja ya mwisho: mawe yamesimama kwenye theluji.

"Haya ni makaburi," akasema. "Hapa amelala baba yangu. Ni hapo hapo Tromsø. Niambie, Neema, mbinguni wanazika watu?"

Neema alifikiri. Alifikiri kweli kweli. "Hawaziki."

"Basi."

"Na giza lipo?"

"Lipo, jeusi tii."

"Kumbe ni mji tu, tena mbaya," Neema akasema. "Haya, nitakwenda."

Jamani! Aliteremsha ule mguu, mwembamba, unatetemeka, akaukanyaga, akapiga yowe, akaukanyaga tena. Sista mkono huu, Mama mkono huu, mimi nyuma nimeshika gauni la hospitali lisifunguke. Akavuka daraja. Akasimama kanisani kupumua. Kwenye mlango akasema kwa sauti ya kulia, "Mgeni, usiguse dubu," na wagonjwa wakapiga makofi vitandani. Mlima ulimchukua muda. Alifika juu jasho linamtiririka, akalichuma lile jua, akageuka kunitafuta. "Dada! Tumefika, na sijafa." Mama alipiga vigelegele mpaka daktari akatoka nje. Neema akalila jua pale pale, hakumgawia mtu.

Sista Marit alirudi kwao tukiwa sekondari. Kadi za Krismasi zilikuja miaka mingi, halafu zikaacha kuja. Kila nikiomba nalitaja jina lake, na nitaendelea kulitaja. Angeweza kumcheka mtoto, au kumwacha kwa kuwa amechoka, alikuwa na wagonjwa wengine tele. Alikwenda kuchukua picha ya kaburi la baba yake. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwa ajili ya Mama, aliyejua wakati wa fimbo na wakati wa kuitupa fimbo.

Happy aliposikia haya aliiweka simu mezani kifudifudi, kwa muda mrefu, mpaka nikadhani chaji imeisha. Akamwuliza mama yake kwa nini hakuwahi kumwambia. Neema akasema, "Uliniuliza lini?" Watoto wetu wana bahati, siwaonei wivu. Wana dunia nzima mfukoni, mguu ukivunjika leo unawekwa chuma na wiki ijayo mtu yuko nyumbani. Ila sisi tulikuwa na mji mmoja wa picha chache, tukautembea mpaka ukatutembeza. Sijui wao wakilala chali watautembea upi.

Jana tulikuwa Shisanhang, ule mtaa wa nguo za jumla. Mikokoteni inapita inapiga kelele, watu wamebeba marobota kichwani, ukizubaa unagongwa. Neema alikuwa mbele. Anachechemea kidogo, mtu asiyemjua hawezi kugundua, na mwendo wake ni wa kasi kuliko wa Happy. Akageuka akapiga kelele, "Dada, wewe umezeeka au? Kaza mwendo, wanafunga!" Nikamwambia magoti yananisumbua, atangulie. Magoti yangu hayana shida yoyote. Huwa nabaki nyuma makusudi, nimwangalie anavyotembea.