Macho Makavu mu Kilio

Mutoto wangu alikuwa muchimbaji wa kobalti. Siku shimo lilianguka, hakuna mutu aliyekuya nyumbani kutuambia. Habari ilifika mu telefone, kama bitu byote sasa: mapicha ya maiti zimelazwa juu ya plastiki, kila mutu ajitafutie wake.

Muke wake alishika telefone, akaona picha ya kwanza, akaiangusha.

"Mama, mi siwezi."

Nikaiokota mi. Masomo yangu ni kidogo, lakini kuangalia maiti haiombi masomo.

Batu bale balikuwa na matope usoni, bote rangi moja. Mapicha zingine zilikuwa video, zinatikisika, zinapita mbio. Niliogopa kupepesa macho, juu ningeweza kumupita. Nilikaa vile ku kiti, telefone karibu na pua, kutwa nzima. Ikizima, jirani ananichajia, narudilia tangu mwanzo. Nikamupata kwa muguu. Kidole chake cha pili kilipanda juu ya kikubwa tangu nilimuzaa. Mukunga alicheka siku ile, akasema huyu ataharibu biatu. Nikasema, "Ni huyu." Muke wake akapiga kelele, akaanguka chini. Mi nilitaka kulia pia. Hakuna kitu kilitoka.

Asubuhi macho yalikuwa yanachoma kama nimejipakaa pilipili. Mekundu, mazito, kila nikiyafunga yanakwaruza. Mama mumoja wa kanisa akanipeleka ku dispansere.

"Mama, ulikuwa unaangalia telefone?" muganga akauliza.

"Ningeangalia nini ingine?"

"Mutu akikodolea telefone, anasahau kupepesa. Maji ya jicho inakauka. Na hii vumbi yetu inamalizia kazi."

Alinipa kachupa ka matone. Akasema niweke kitambaa cha maji ya uvuguvugu juu ya macho, niyafunge nipumuzike, telefone niishike mbali. Nikamuuliza machozi itarudi lini. Akasema pole pole. Na maiti ilikuwa inakuya nyumbani siku ile ile.

Kwetu mama wa marehemu analia mbele ya bote, mupaka sauti inakatika. Mwanamuke muzee mwenye macho mekundu, asiye na tone hata moja, batu habamuulizi mambo ya telefone. Banasema ni mulozi, amekula mutoto wake mwenyewe.

Kaka mukubwa wa muke wa mutoto wangu ndiye alilisema kwa sauti, katikati ya kilio.

"Muone ile macho! Mama gani huyu? Nilikatazaga hii ndoa. Nilisema, batu ba Kasai hapana! Kilio ikiisha atoke mu hii nyumba. Batoto ba dada yangu habatalala na mulozi."

Kufukuzwa nakujua. Wakati balitufukuza Katanga sisi Bakasai, bakituita bilulu, maana yake wadudu, nililala ku gare nikingoja treni, na huyu mutoto mugongoni. Mambo ilipopoa nikarudi, nikajenga mutaa wa Kasulo. Batu bakachimba kobalti chini ya manyumba mupaka yangu ikapasuka, ikalala chini. Ndipo mutoto akanichukua kwake, huku Manika. Sikukuwa na nyumba ingine ya kwenda. Na bajukuu ni bale tu.

Yule mama wa kanisa akaniinamia ku sikio.

"Enda nyuma ya nyumba, weka dawa mingi, ishuke ku mashavu. Batanyamaza."

"Mutoto wangu simulilii na chupa."

"Kichwa ngumu! Basi bakufukuze."

"Bafukuze."

Muke wa mutoto wangu akasikia. Akasimama, kitambaa cha kichwa kikamuanguka, akafungua telefone, akaitia mu mikono ya kaka yake.

"Kaka, angalia. Mama aliangalia zote, juu mi nilishindwa. Angalia mupaka umuone bwana yangu."

Aliona ya kwanza. Aliona ya pili. Akageuza uso ku ukuta.

"Bado," dada yake akasema. "Hujamufikia."

Akairudisha telefone. Halafu akasema, si kwangu, kwa batu: "Akae. Lakini batoto habatalala naye chumba kimoja. Na basimuangalie mu macho."

Muke wa mutoto wangu akaokota kitambaa chake, akakifunga, akarudi kukaa. Simulaumu. Mulume amekwisha kufa, na unga sasa ungetoka kwao Sandoa, kwa huyo huyo kaka.

Tukazika. Machozi ilirudi siku moja nikiwa napepeta unga peke yangu, ikatoka mingi, hakuna mutu aliiona. Nalala mu salon, pa kupokelea bageni. Telefone sikodolei tena, nasikiliza sauti tu. Kila asubuhi nalala chali, natia matone. Bajukuu bakubwa bananisalimia bakiangalia miguu yangu. Mudogo hajaelewa bado. Anakuya na uso wake karibu kabisa, anataka kuona dawa ikiingia. Mi mwenyewe namugeuzia kichwa, kusudi basimupige.