Mdogo wangu anataka nimfute mama kwenye kadi ya Krismasi

Admin, ficha jina langu, ila hasira yangu iache kama ilivyo. Nina miaka hamsini na moja. Nina stationari Kahama, na kila Desemba natengeneza kadi za Krismasi kwenye kompyuta: nakata picha ya familia, naizungushia nyota na theluji ambayo hatujawahi kuiona, nachapa.

Mama yetu anaishi Kharumwa, kwenye kaya ya mdogo wangu. Macho yake ni mekundu. Amepikia kuni na samadi maisha yake yote, yangekuwaje? Nyie wa kwetu mnajua macho hayo humfikisha wapi mwanamke mzee. Wangapi wameitwa wachawi wakakatwa mapanga, huku tukijiita wasomi?

Mdogo wangu ana maduara, mashimo ya kuchimba dhahabu. Aliagiza kadi za kugawia ukoo, majirani na wachimbaji wake. Nikamtumia mfano kwa simu. Macho ya mama nilikuwa nimeyasafisha yakawa meupe kama ya mtoto. Programu ina kitufe cha kazi hiyo. Akanipigia.

"Kaka, shikamoo. Huyo bibi mtoe."

"Bibi gani? Mama yako?"

"Usinichoshe, kaka. Mganga kasema duara halitoi kwa sababu yake. Wachimbaji wakimwona kwenye kadi hawashuki shimoni."

"Jumapili si wewe unayesoma somo kanisani?"

"Kusoma nasoma. Usipomtoa, mimi simlindi tena."

Nielewe nini hapo? Kadi ikiingia kila nyumba bila mama, kijiji kizima kitajua kwamba huyu hana mwenyewe. Hiyo ni hukumu ya kifo iliyoandikwa Krismasi Njema. Nikimwacha kwenye kadi, mwanawe huyohuyo anawafungulia geti wenye mapanga na kugeuka pembeni.

Jana nikampigia mama, nikamweleza yote. "Mayu, njoo ukae kwangu." Akakataa, kaburi la baba liko pale. Nilitaka alie, atulaani wote wawili. Akacheka kidogo.

"Basi nitoe, mwanangu. Ila huyo mjukuu kwenye picha nimempakata. Mtafutie kiti, asianguke."

Wenye ushauri wa "msamehe, ni damu yako" wapite kimya, sina muda nao. Nyie wengine nijibuni leo. Kadi zote mbili ziko tayari kwenye kompyuta, na gari la mdogo wangu linazifuata kesho asubuhi. Nichape ipi?