Jibu la Jumapili ya Msamaha

Bibi niliyekuwa nikimtunza huko ughaibuni, mjini Thornhill, alikuwa Mrusi. Miguu ilishamkataa, ila ulimi ulikuwa mzima kabisa. Mwezi wa pili, theluji ikiwa bado magotini, binti yake alianza kukaanga chapati za maji kutwa, siagi ikichuruzika. Akanieleza kwamba ndiyo wiki yao ya kuiaga baridi. Jumatatu inayofuata wanafunga, siagi na maziwa basi. Nikacheka. Mimi ni mtoto wa Kiislamu wa Tanga, na kwetu huko ndiko kuvunja jungu, kula na kushiba kabla ya mfungo.

Alhamisi mtandio mwekundu wa bibi, aliourithi kwa mama yake, haukuonekana. "Urudishe," akaniambia mbele ya binti yake. "Watu wa kwenu nawajua." Nikaumimina mkoba wangu mezani: tasbihi, kopo la chakula, soksi za akiba. Nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na moja. Nikaapa moyoni kwamba hilo simwachii.

Jumamosi tulimpeleka kwenye sherehe bustanini, yeye kwenye kiti chake cha magurudumu. Muziki ulitoka kwenye spika, foleni ya chapati ilikuwa ndefu, na gari la zimamoto liliegeshwa pembeni, maana mjini hata kuichoma baridi kunataka kibali. Baridi yenyewe ilikuwa mwanasesere wa majani makavu, mrefu kuliko mtu. Kichwani alifungwa ule mtandio mwekundu. Mjukuu wa bibi, msichana wa chuo kikuu, aliuchukua kabatini akidhani ni kitambaa kikuukuu. Tulipoutambua, moto ulishafika kiunoni. Bibi aliutazama mpaka ukawa majivu. Nami niliona raha, sifichi.

Jumapili ni siku yao ya kuombana msamaha, kama sisi tunavyotakana radhi kabla ya Ramadhani. Binti aliinama mbele ya mama yake, akaomba. Mama akamjibu, "Mungu atasamehe, nami nimesamehe." Jibu ni hilo, halina badala. Kisha bibi akanishika mkono mimi.

"Nisamehe," akasema.

Jibu nilikuwa nimelisikia dakika ile ile. Na madrasani nilifundishwa tangu mdogo kwamba haki ya mja Mungu haisamehe mpaka mja mwenyewe asamehe. Nikamwambia kwa adabu zote, "Hakuna neno, bibi. Usijali." Hakuniachia mkono. Alikuwa anangoja. Nikauchomoa taratibu, nikaenda kuosha kikaango.

Siku mbili zilizofuata hazikuwa za zamu yangu. Jumatano asubuhi nilipofika, binti alinifungulia mlango macho yamemvimba. Mama yake alikuwa amefariki, na maiti ilishachukuliwa.

"Jana aliniuliza mara mbili kama unakuja leo," akasema.

Niliingia chumbani nikalisema jibu lote, mpaka mwisho. Godoro lilishavuliwa shuka.