Fimbo Niliyoilaza Mabegani

Siku niliyoliharibu goti langu naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu asubuhi yake nilikuwa na furaha kweli. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Wiki tatu kabla ya hapo niliumia goti la kulia nikicheza mpira, uvimbe ukapungua, nikajiona mzima. Baba mdogo, aliyekuwa akiishi Endasak karibu na Mlima Hanang, alikuwa anaupanda mlima huo. Nikang'ang'ania kwenda naye.

Kupanda hakukunisumbua. Nilimtangulia, fimbo yangu ya kuchungia nimeilaza mabegani, mikono imening'inia juu yake, kama tulivyozoea vijana wa kwetu. Kuiegemea tuliwaachia wazee.

Katikati ya njia baba mdogo alisimama akaniangalia goti.

"Limeanza kuvimba hilo. Turudi."

"Haliumi, baba mdogo."

"Kwa kupanda, sawa. Utaniambia tukishuka."

Nilibisha mpaka akachoka, tukaendelea kupanda. Na kweli, tulipoanza kushuka, kila hatua goti lilitaka kuachia. Akaniambia niegemee fimbo, nipige hatua fupi, nishuke kwa kukata upande. Nikamtii kwa muda. Kisha tukakutana na akina mama wawili wametoka kutafuta kuni. Niliwaamkia shikamoo, na papo hapo nikairudisha fimbo mabegani. Niliona aibu, basi, ndiyo sababu yote. Nikapita mbele yao nimejikaza, jiwe likateleza, goti likageuka upande. Nilisikia kitu ndani kikikatika.

Baba mdogo alinibeba mgongoni. Nyuma yetu mama mmoja akauliza, "Sasa fimbo alikuwa anambebea nani?"

Mwenzake akajibu, "Mwache. Labda anaipeleka mnadani."

Walicheka, halafu wakatua kuni zao wakaja kusaidia kunishusha.

Hospitali niliambiwa nipumzike. Sikupumzika, sijawahi kuweza kukaa sehemu moja. Kabla ya kupona nilikuwa nimeshatoka kwa miguu kwenda kijiji cha Daudi kuwaona rafiki zangu, na goti halikurudi tena kuwa goti.

Mwaka jana mama yangu alifariki kijijini kwake, Masieda. Nyumba yake iko chini bondeni, mvua ilikuwa imekata njia, pikipiki hazishuki. Nilifika juu ya mteremko. Nikajaribu mara tatu, mara tatu goti likaniangusha, na waliokuja kunibeba niliwaambia watangulie, wakambebe yeye. Nikakaa kwenye majani nikasikiliza watu wakiimba kaburini. Mama yangu alizikwa nikiwa juu ya mteremko, naona paa la nyumba tu. Hilo sijui nitalifanyia nini. Nimeacha kujiuliza.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiwa na goti bovu usiupime mlima kwa namna unavyoupanda. Kushuka ndiko kunakoumiza. Likivimba, au likianza kuachia, geuka hapohapo, hata kilele ukikiona. Shika fimbo mkono ulio upande wa mguu mzima, uiegemee kweli, watu wakutazame wakitaka. Piga hatua fupi. Daktari akisema pumzika, pumzika hata kama moyo unakuwasha. Mimi nilikuwa na watu wa kuniambia yote haya.

Mungu akutunzie miguu yako, na siku utakapoitwa nyumbani, akufikishe mpaka mlangoni.