Sheria ya Mama Rehema: ukiwasha sigara kijiweni, umefungwa drafti

Wakuu, habari za muda huu. Wakubwa shikamooni.

Shule niliishia la saba, ila huwa naandika mambo yangu kwenye daftari. Hili nimelitoa humo, chumvi sijaongeza. Na nilipokosea mimi nitasema.

Hapa Mkuyuni kuna kijiwe cha kahawa cha mama mmoja, nimwite Mama Rehema. Mabenchi mawili na ubao wa drafti. Mnajua utaratibu: anayefungwa anainuka, mwingine anakaa.

Mama ana pumu. Sisi tunavuta hapo hapo, yeye anakohoa nyuma ya birika. Mimi nilikuwa nasema ni moshi wa mkaa. (Na mkaa nao una moshi, tuwe wakweli.)

Siku moja akatuambia, "Daktari kasema nikae mbali na moshi wa sigara. Kibanda siachi, ndicho kinalisha wanangu. Kuanzia leo, atakayewasha hapa kafungwa. Ainuke, akavutie ng'ambo ya mtaro."

Tukacheka. Mmoja akamuuliza, "Mama, siku hizi umekuwa serikali?"

"Serikali iko mbali. Mimi niko hapa na birika la moto."

Basi, Jumapili moja mchana bingwa wetu Mzee Masanja, fundi baiskeli, mvutaji wa miaka mingi, akakaa na jamaa kutoka Buswelu aliyekuwa ametufunga wote. Watu wamejaa mpaka barabarani. Masanja ana kingi mbili zinazotembea ubao mzima, jamaa kabakiza kete tatu za kawaida. Bado kidogo tu ashinde.

Mkono wa mzee ukaingia mfukoni wenyewe. Akawasha.

Mimi niliona wa kwanza. Nikanyamaza. Nilitaka Mkuyuni tushinde.

Wote tukakodolea ubao kama hatuna pua. Mama Rehema akakohoa, akashika nguzo, akamtazama mzee. Nadhani alikuwa anapima: akisema anamwaibisha mzee, asiposema sheria imekufa.

Masanja akasikia kile kikohozi. Akaiangalia sigara vidoleni kama ya mtu mwingine. Akainuka.

"Nimefungwa."

"Aa mzee, kaa bwana, si unashinda!" jamaa wa Buswelu akamwambia.

"Nimefungwa, kijana. Mama, unisamehe." Akavuka mtaro.

Tangu siku hiyo hakuna aliyewasha pale, hata mimi. Masanja bado anavuta, nisimpambe. Mama siku hizi hakohoi kama zamani, sijui ni ile sheria au ni mvua imetuliza vumbi, mimi sio daktari. Ila kibanda kipo, na jamaa wa Buswelu anajitangaza bingwa wa Mkuyuni. Hatumbishii.

Nilichojifunza: sheria aliitunga Mama, lakini aliyeifanya iwe sheria ni mvutaji.

Huko kwenu mnafanyaje, wakuu? Wavutaji pia semeni, sitaki uzi wa kusutana.

Mimi nimejiuliza kwenye daftari: ningekuwa na kingi mbili, ningeinuka? Ule mstari wa jibu bado uko wazi.